Kambi ya ufukweni "ya familia": tumelazwa na watoto chini ya mstari yanakofika maji makubwa ya bamvua, na waliotupanga pale walikuwa wanajua

Wakuu habari zenu.

Nina hasira na nitaandika nikiwa nayo hivyo hivyo. Naongea na wenye maeneo ya kupiga kambi ufukweni, ukanda huu wa Bagamoyo, Saadani hadi Pangani na Tanga, wanaobandika kwenye matangazo yao "panafaa kwa familia", halafu mwenye familia akifika anakuta hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa chini akamfikiria mtoto wa miaka minne. Jina la eneo silitaji, msinifuate faragha kuliuliza. Nikilitaja, uzi utakuwa wa kuwasema wao tu, na wengine wenye tabia zile zile watapumua.

Tulikuwa mimi, mama watoto na watoto watatu, mdogo ndiye huyo wa miaka minne. Tumetoka Morogoro likizo ya Juni. Hoteli za ufukweni hatuna ubavu nazo, na hata tungekuwa nao, watoto walitaka hema, moto wa kuni jioni na mchanga. Basi tukatafuta sehemu ya kawaida kabisa ya kijijini, kusini mwa mto Pangani. Mahitaji yetu nilimsomea msimamizi kwenye simu moja baada ya jingine: kivuli, choo kisafi, maji yasiyo na chumvi, utulivu usiku, na bahari ambayo mtoto anaweza kuingia bila mtu kuzimia kwa wasiwasi. Jibu lilikuwa moja: "Kila kitu kipo bosi, leteni watoto tu." Nusu ya hela ikatumwa kwa simu siku hiyo hiyo.

Nianze na bahari, kwa sababu hapo ndipo walipotufanyia jambo ambalo sitalisamehe.

Kwa sisi wa bara ambao hatujakulia pwani: maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, yaani kila baada ya saa sita na kidogo yanageuka, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga inakuja bamvua. Siku hizo maji yanapanda juu kabisa na kushuka chini kabisa, tofauti inayozidi mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana. Na siku za bamvua, upande wetu huu, maji hujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Hii siyo siri ya wachawi. Mvuvi yeyote anakwambia kwa kuutazama mwezi, na jedwali la maji kujaa na kupwa linapatikana hata kwenye simu miaka mbele.

Sasa tulifika mwezi ukielekea kuwa mpevu. Kijana wa pale akatupeleka chini ya mteremko, kwenye mchanga mweupe, akasema "hapa ndipo familia hukaa, mnaiona bahari vizuri". Nilimuuliza kwa mdomo wangu, maji hayafiki hapa? Akanionyesha mstari wa majani ya bahari yaliyokauka, hatua chache chini ya hema, akasema mwisho wake ni pale. Usiku ule kweli maji yaliishia karibu na ule mstari. Lakini ule mstari ni wa bahari ya jana! Bamvua inapokua, kila siku maji yanapanda zaidi ya jana yake. Anayekaa pale mwaka mzima analijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Usiku uliofuata, saa kumi alfajiri, mama watoto aliamka akihisi godoro limelowa. Alidhani mtoto amekojoa. Alipoweka mkono chini, mkono ukazama kwenye maji. Wakati nafungua zipu ya hema, wimbi jingine likaingia. Upepo wa kusi unavuma, giza, vigingi vya upande wa bahari vimeng'oka, hema linatulalia, watoto wanalia, na mdogo simwoni kwa sababu shuka limemfunika. Wazazi wenzangu, sijui niwaandikieje zile sekunde. Nilimpata kwa kupapasa.

Mlinzi alikuwa juu, baa, amelala kwenye kiti. Waliotusaidia ni wavuvi waliokuwa wanajiandaa na ngalawa zao. Walikuja mbio, wakabeba watoto, wakabeba godoro na vyombo mpaka juu. Mzee mmoja nilimwamkia na kumshukuru, akanijibu kwa masikitiko: "Marahaba mwanangu, poleni sana. Hawa tumewaambia. Kila bamvua kubwa ni hivi hivi, wanalaza wageni pale."

Mmesikia? WALIKUWA WANAJUA. Wameambiwa na wenyeji, wameshaona wageni wengine wakiloweshwa, na bado wakamlaza pale mtoto wa miaka minne.

Asubuhi nikampigia msimamizi. Wala hakusema pole. Alisema, "Bahari ni ya Mungu bosi, sisi hatuiongozi." Bahari ni ya Mungu ndiyo, lakini aliyesema tufunge hema pale hakuwa Mungu, ni mfanyakazi wako. Hela nikaambiwa hairudi kwa sababu "huduma mmeshatumia".

Halafu jiulizeni kwa nini familia inasukumwa chini mchangani wakati juu kuna mivinje mizuri, kuna kivuli, na kuna kinga ya upepo wa kusi ambao Juni na Julai hauna mchezo. Jibu ni kwamba chini ya mivinje wamejenga baa. Sakafu ya saruji, kaunta, spika mbili kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hiyo baa wala sikuhitaji futi kuipima. Yaani ardhi ya juu iliyo salama wamewapa wanywaji, na waliokuja na watoto wakapewa sehemu ya bahari. Muziki ulipigwa mpaka usiku wa manane, kisha ukaanza tena asubuhi wakati wa kupiga deki. Kwa simu niliambiwa "panatulia sana, ni kijijini". Kijiji kilikuwa kimetulia kweli, kelele ni zao peke yao. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, wanapokea malalamiko ya kelele na nimeshawaandikia.

Baada ya maji kutuingilia ndipo wakatuhamishia kwenye minazi. Nikatazama juu: nazi kavu zimening'inia matawi kwa matawi, haijaanguliwa sijui tangu lini. Chini mchanga una mashimo ya nazi zilizoanguka. Nikawaambia leteni mkwezi aangue kwanza. Wakasema mkwezi anakuja Jumamosi. Sasa nazi itasubiri Jumamosi? Nazi kavu ikimpiga mtoto kichwani kutoka juu ya mnazi mrefu mnajua kinachofuata. Tulilala kwenye gari, wote watano.

Choo. Niliwaambia mapema kwamba choo cha shimo hakinisumbui, nimekulia nacho. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri, chenye mfuniko, bomba la hewa, mlango unaofungwa na maji ya kunawa na sabuni ni choo safi kabisa. Nilichokikuta ni tundu kubwa ambalo mtoto wa miaka minne anaweza kutumbukia mzima mzima, sakafu ya mbao inayocheza, hakuna taa, hakuna tone la maji. Na kisima cha maji ya kuogea na kuoshea vyombo kiko hatua chache kutoka pale! Maafisa afya wanafundisha choo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kwenye mchanga wa pwani, ambako maji ya chini ya ardhi yako karibu sana, mtu mwenye akili angeongeza. Hayo maji yenyewe yana chumvi, ukimwogeshea mtoto aliyetoka baharini ngozi inabaki inawasha. Maji ya kunywa ni ya kununua chupa kwao, bei mara mbili ya dukani.

Na hesabu ya kulala ni kwa kichwa. Shilingi elfu ishirini kila kichwa, mtoto wa miaka minne analipa sawa na mimi, kwenye hema letu wenyewe, juu ya mchanga ambao ni wa bahari. Laki moja kwa usiku! Nikauliza hiyo laki inalipia nini hasa, nikaambiwa "ulinzi na mandhari". Ulinzi ni yule aliyelala kwenye kiti.

Kuna jambo moja zaidi na hili ni la uhai. Pembeni ya eneo kuna kijito kinachoingia baharini. Maji yakijaa panakuwa kama bwawa, pametulia, kila mtoto anapatamani. Maji yakianza kutoka, mkondo pale unavuta kwenda nje kwa nguvu ya kumshinda mtu mzima. Vivyo hivyo kwenye milango ya mwamba, ile mianya ambayo maji hupita kwenda nje. Hakuna kibao, hakuna bendera, hakuna mtu wa kusema "hapa msiogee saa hizi". Niliambiwa na mama mmoja aliyekuwa anaokota chaza maji yalipoanza kupwa, aliniita kwa sauti: "Baba, watoe watoto hapo, maji yanatoka!" Huyo mama hakunidai hata senti. Wale wa laki moja walinyamaza.

Najua kuna watakaokuja kuniambia "ulitaka raha ungeenda hotelini". Hapana. Sikudai raha. Umeme sikuuliza, intaneti sikuuliza, kitanda sikuuliza. Niliuliza vitu ambavyo kaya yoyote ya mvuvi pale kijijini inavyo: wamejenga juu ya mstari wa bamvua, choo wameweka mbali na kisima, watoto wao wanajua wapi pa kuogelea na saa ngapi. Kijiji kizima kinaishi kwa ujuzi huo, halafu mwekezaji anakuja na kibao chake na hamwulizi hata mzee mmoja.

Kwa mnaopanga kwenda na watoto Desemba, haya ndiyo ya kuwabana nayo wenye maeneo kwenye simu kabla ya kutuma hata shilingi. Wakupe picha ya eneo la mahema wakati maji yamekupwa NA wakati yamejaa siku ya bamvua, siyo ile picha moja ya bluu ya saa kumi jioni. Wakutumie picha ya ndani ya choo, ya leo. Uliza kisima kiko umbali gani na maji yana chumvi kiasi gani. Uliza minazi imeanguliwa lini. Uliza zahanati ya karibu iko wapi na usiku mtu anafikaje. Uliza muziki unazimwa saa ngapi na wakuandikie kwa ujumbe, siyo kwa mdomo. Mtoto analipa kiasi gani, waandike pia. Tarehe zako linganisha na mwezi: bamvua inakupa maji ya kuogelea jioni, ila asubuhi yote utatazama matope na mawe, na miguu ya watoto iwe na viatu kwa sababu ya wale wadudu wa baharini weusi wenye miiba na samaki wale taa, wenye mwiba mkiani, waliojifukia mchangani. Chandarua beba chako, pwani mbu wapo mwaka mzima na malaria haijui likizo. Na ukifika, kabla hujafungua hema, tafuta mvuvi mtu mzima, mwamkie, muulize bahari inaishia wapi usiku huu. Usimuulize kijana wa mapokezi.

Kwa wenye maeneo: kibao cha saa za maji kujaa na kupwa ni kipande cha ubao na chaki. Mstari wa bamvua ni vigingi vinne na kamba. Mkwezi mnamjua kwa jina. Mnashindwa nini?

Nimeshapeleka malalamiko kwa maandishi ofisi ya kijiji, na nakala wilayani, pamoja na picha za hema na za kisima. Hela yangu bado naidai na nitaidai.

Sasa naomba wadau wenye watoto mliolala sehemu za kawaida za ufukweni, iwe Pangani, Kilwa, Mafia, Kigamboni au hata Kwale na Kilifi kwa ndugu zetu Wakenya, mziweke hapa. Siyo "ni pazuri sana". Andikeni choo kikoje, maji yakoje, hema linakaa wapi maji yakijaa, na mtoto analipa kiasi gani. Wenye maeneo mnaosoma, nanyi mnakaribishwa, ila mje na picha za choo.