Kiti mwendo cha umeme kinakata kwenye rampu, fundi anasema kontrola imekufa. Nisaidieni

BintiTanga
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa kiti mwendo cha umeme cha mama yangu, ni hivi vya betri mbili chini ya kiti, ndugu yetu alimletea kutoka Uingereza kikiwa kimeshatumika. Kilikuwa kinaenda vizuri tu ila tangu mvua za masika zianze ndo kikaanza vituko. Akiwa humu ndani kwenye sakafu kinatembea kawaida, akipanda rampu ya zege pale getini kinakata ghafla, breki zinashika pap, anabaki katikati mpaka mtu atoke akamsukume. Akizima akawasha tena kinaenda kidogo halafu kinarudia yale yale na taa za kwenye joistiki, ule mkono wa kuendeshea, zinawaka zinazima haraka haraka. Halafu chaja nayo, zamani nikichomeka jioni taa ya kijani inakuja usiku wa manane, siku hizi hata taarifa ya habari haijaisha tayari ni kijani. Fundi mmoja hapa mtaani kakiangalia dakika chache kasema kontrola, yani ule ubongo wa umeme wa kiti, imekufa, na bei aliyonitajia inakaribia ya kiti kizima cha mtumba. Mama ameanza kuogopa kutoka nje, juzi hakwenda hata kwenye kikoba chake, na hilo ndo linaniuma kuliko hizo hela. Kuna mtu anavijua hivi viti?

Kiwalani Boy
Pole sana dada. Betri hizo, chaja ikiwahi kuonyesha kijani ujue betri haishiki chaji tena. Tafuta mbili mpya za jeli 12V kwenye maduka ya sola, fungia, mama arudi kikoba.

FundiKoili
Dada usinunue kitu kwanza, si kontrola si betri. Kiwalani anaweza kuwa sahihi lakini dalili hizo hizo zinaletwa na kitu kingine cha bei rahisi zaidi. Niambie mambo mawili. Joistiki ina jina gani, na taa zikianza kuwaka na kuzima ni taa NGAPI? Usiseme nyingi au chache, hesabu kabisa. Hiyo idadi ndo kontrola inavyokwambia inaumwa wapi.

BintiTanga
Imeandikwa VR2, ina taa kumi zimejipanga, nyekundu, njano, kijani. Nimemuuliza mama maana yeye ndo anakaa nazo, anasema akipanda inakonyeza nyekundu moja tu, ila kuna wakati anashuka rampu hiyo hiyo zinakonyeza zote kumi. Fundi hakuuliza hayo.

FundiKoili
Mama kakusaidia kuliko huyo fundi, mpe shikamoo yangu. Kwenye VR2 taa moja maana yake betri iko chini au waya wa betri haushiki vizuri. Mbili na tatu ni mota ya kushoto, nne na tano ni ya kulia, sita kuna kitu kinazuia kiti kisitembee, mara nyingi chaja bado imechomekwa. Saba joistiki, nane mfumo wenyewe wa kontrola, tisa waya za breki, kumi umeme umezidi. Kwa hiyo kama kontrola ingekuwa imekufa ningetegemea nane, na wewe hujaiona kabisa.

Sasa angalia moja na kumi zinavyokuja pamoja, hapo ndo penye jibu. Akipanda, mota zinavuta umeme mwingi, na kama kuna mahali pameshika kwa kubabaisha umeme unapotelea hapo, kontrola inaona volti zimedondoka inakata. Akishuka, mota zinageuka kuwa jenereta, zinarudisha umeme kwenye betri, ukikuta njia ni mbovu hauna pa kwenda, volti zinapanda, kontrola inakata tena. Betri iliyochoka peke yake ingekupa ile moja, lakini hiyo kumi inanifanya niwaze muunganiko. Hata chaja kuwahi kijani inaingia humo humo, inapima volti ikiwa upande wa huku wa kiungo kibovu, inadhani betri imejaa kumbe bado. Ni kama bomba lililoziba katikati, huku presha ipo na ndoo haijai.

Tafuta mita ya kupimia volti, hata ile ya bei rahisi. Kabla ya kugusa chochote mama ashuke, kiti kizime, chaja chomoa, vua pete na bangili, spana izungushie tepu ibaki mdomo tu. Usidharau kwa sababu ni 24V, hizo betri zikipigwa shoti na spana zinatoa moto wa kuyeyusha chuma. Ukishafunua, pima kila betri peke yake ikiwa imepumzika, iliyojaa inasoma 12.7 mpaka 12.9 hivi. Halafu hapa ndo wengi wanaruka: pima kiti KIKIFANYA KAZI. Mtu mzima mwenye nguvu zake akae, apande rampu taratibu, wewe umeshika mita. Weka ncha moja kwenye nguzo ya betri A na nyingine kwenye nguzo ya betri B, zile mbili zilizounganishwa na waya mfupi. Hakikisha unagusa risasi ya nguzo yenyewe, sio lagi (kile kichwa cha chuma mwisho wa waya) wala boliti. Waya mzima utakupa karibu na sifuri. Ukiona volti nzima au zaidi imebaki hapo, mgonjwa wako ni huyo. Fanya hivyo hivyo kwa waya mwekundu na mweusi mpaka kwenye plagi kubwa.

Mzee_wa_Magurudumu
Mimi ni mtumiaji wa hivi viti miaka mingi, niko Mombasa, naunga mkono fundi. Huku pwani chumvi inakula shaba ndani kwa ndani, juu waya unauona mzuri kabisa. Niongeze mawili. Hakuna mtu aoshe kiti kwa mpira wa maji, kitambaa chenye unyevu kinatosha, na mvua ikinyesha joistiki ifunikwe na mfuko wa nailoni. La pili, mtu akija kukwambia ataruka ile saketi breka, swichi ya usalama inayokata umeme ukizidi, au ataunga breki moja kwa moja ili "kiti kisisumbue", mfukuze. Breki za hivi viti zinashika umeme ukikosekana, ndo maana mama alibaki palepale kwenye rampu badala ya kurudi kinyumenyume barabarani. Usikubali mtu aguse hiyo.

BintiTanga
Wakuu Mungu awabariki. Kaka yangu alikaa, mimi nikashika mita. Betri zote mbili zikiwa zimepumzika zilisoma 12.5 na 12.6. Akaanza kupanda, ule waya mfupi kati ya betri na betri ukaniletea volti tatu na ushee, kikakata, taa moja nyekundu. Tumeufungua, boliti ilikuwa imekaza vizuri tu, yani kwa macho usingejua. Nikaupinda karibu na lagi nikasikia unakatika katika ndani, tukachana ganda kwa wembe, shaba imekuwa kijani na unga mweusi, nyuzi zilizobaki nzima unaweza kuzihesabu. Mjomba ana duka la vifaa vya gari katutengenezea mwingine mnene ule ule na lagi mpya kabanwa na koleo lake. Tumefunga, mita sasa inasoma pointi sifuri kitu, kaka kapanda na kushuka rampu mpaka majirani wakatoka kuangalia. Mama bado nimemwambia asubiri. Swali la mwisho, betri nibadilishe au niziache?

FundiKoili
Safi sana, hiyo ndo kazi. Betri usizihukumu leo, hazijachajiwa sawasawa muda mrefu. Chaji usiku kucha hata kama taa ya kijani imekuja mapema, chomoa, ziache saa kadhaa bila kutumia ndo upime. Zote zikikaa juu ya 12.6 na kwenye rampu hazipishani sana, endelea nazo. Moja ikikaa chini ya 12.4 au ikidondoka peke yake wakati wa kupanda, badilisha zote mbili kwa pamoja, aina moja na ukubwa mmoja, mpya ukiichanganya na kuukuu ile kuukuu inaiua mpya. Chukua za jeli au AGM (zilizofungwa, asidi haimwagiki) za kutumika kwa muda mrefu, sio ya gari, ya gari ni ya kupigia stata na ina maji ya asidi chini ya makalio ya mama. Kwenye nguzo paka vaselini kidogo baada ya kukaza. Na plagi kubwa ya betri ifungue uangalie kama plastiki imebadilika rangi kwa joto, hukuisema.

BintiTanga
Iko nyeupe safi fundi, nimeipiga tochi. Nachaji usiku huu, kesho mchana nitaleta namba.