Matembezi ya kikundi mashambani kwa treni, tunaanzaje?

NamuliKireka
Wadau habari zenu. Mimi na wenzangu wa kanisani hapa Kireka, pembeni ya Kampala, tunatamani matembezi ya kikundi, yaani tunapanda treni tunashuka mahali kuna mashamba na miti, mtu anatuongoza, jioni tunarudi. Binamu yangu yuko Uingereza huwa ananitumia picha za matembezi kama hayo. Sasa hii treni yetu ya Kampala hadi Namanve ni ya watu wa kazini, asubuhi na jioni, inawezekana kweli? Na kiongozi kazi yake ni nini hasa, maana kuna wamama wamepita miaka 60 na sitaki mtu aachwe.

Opio_wa_Leeds
Dada inawezekana. Mimi niko huku Leeds naenda sana na reli ya Settle hadi Carlisle, kaskazini mwa Uingereza. Hiyo reli 1970 walifunga stesheni zote ndogo za katikati zikabaki Settle na Appleby tu, halafu 1975 watu wa hifadhi ya Yorkshire Dales wakakodi treni za wikendi wakaziita DalesRail, zikasimama tena kwenye stesheni zilezile zilizofungwa na viongozi wa matembezi wakawepo. Shirika la reli likaja kutaka kuua reli nzima, 1989 serikali ikakataa. Naamini kabisa wale watembeaji walisaidia, treni yenye abiria ni ngumu kuiua.

Uzuri wa treni ni kwamba hulazimiki kurudi ulikoanzia. Mwenye gari lazima azunguke alirudie gari lake, wewe unashuka stesheni ya Dent unatembea unapandia ya Ribblehead, zote za reli hiyohiyo. Lakini angalia, stesheni ya Dent iko juu mlimani na kijiji chake kiko chini zaidi ya kilomita 6, kiongozi asiyejua hilo anawachosha watu bure. Kwa hiyo kiongozi anapita njia yote mwenyewe kabla, anahesabu watu wakishuka, na anaweka mtu mmoja wa nyuma kabisa ambaye hampiti yeyote. Muda anaupanga kuanzia treni ya kurudi akija nyuma, na mwendo ni wa yule mama wa polepole kuliko wote.

kijana_wa_seeta
Opio umesema vizuri ila umesahau kitu kimoja, huko njia za miguu zinalindwa na sheria na zimechorwa kwenye ramani, hata ikipita katikati ya shamba la mtu unapita. Huku kwetu kijinjia kinapita kwenye kibanja, yaani kipande cha ardhi, cha mtu kwa sababu majirani wamezoeana, sasa ukitokea na watu ishirini na kofia watadhani mmekuja kupima ardhi, na nyie mnajua Buganda mambo ya ardhi yalivyo. Nenda kwa chairman wa LC1 (baraza la kijiji) kabla, mwambie siku na idadi, na kijana wa palepale awe ndiye kiongozi, mlipeni. Chakula pia nunueni kijijini, msibebe rolex (chapati ya mayai) kutoka Kampala jamani. Na tafadhali msitembee kwenye reli yenyewe, treni za mizigo zinapita. Machi hadi Mei ni mvua, vaeni gambuti.

MzeeBaluku
Wanangu mmenigusa. Reli ilifika Kasese 1956 kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe, lakini sisi abiria tuliipenda, unalala ndani ya treni kutoka Kampala na wenye kwenda kupanda milima ya Rwenzori walishukia palepale. 1997 treni za abiria zikasimama nchi nzima, hii ya Namanve ikaja 2015. Binti yangu usingoje treni ya wikendi. Chagueni siku ya kazi, wastaafu na wamama wanaweza, pandeni ile ya asubuhi mshuke Namanve, tembeeni mkielekea upande wa Seeta polepole, aliyechoka apande taksi na wengine warudi Namanve kupanda treni ya jioni. Mkijaa behewa mara kwa mara, wenye reli wataona.

NamuliKireka
Mzee shikamoo, na asanteni wote. Siku ya kazi sikuwa nimeifikiria na wamama wengi wako huru. Nitaenda na kaka yangu tupite njia kwanza. @kijana_wa_seeta unaweza kunipeleka kwa chairman wenu?

kijana_wa_seeta
Njoo Jumanne dada, asubuhi yuko.