Kasoro ya zsh kwenye seva ya wanafunzi

MwalimuMoshi: Habari za kazi ndugu zangu. Chuoni kwetu Moshi wanafunzi wote huingia kwenye seva moja ya Linux yenye zsh (programu ya kupokea amri za mtumiaji) toleo la 5.4.2. Nimesoma kwamba toleo hilo lina kasoro ya kufurika kwa bafa (sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa data) inayoweza kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi. Anayapataje, ilhali zsh yake inaendeshwa kwa haki zake mwenyewe?

FundiNgarenaro: Mwalimu, anayenaswa ni wewe msimamizi. Mwanafunzi hutengeneza folda ndani ya folda hadi njia nzima (mfuatano wa majina ya folda hizo) izidi bafa iliyotengwa, ambayo kwenye Linux ni baiti 4096. Ukiwa umeingia kama root (akaunti ya msimamizi), ukaanza kuandika njia hiyo na kubonyeza Tab ili zsh ikumalizie jina, programu hunakili bila kupima urefu, data humwagika nje ya bafa, na maagizo aliyoyapanga yanaweza kutekelezwa kwa mamlaka yako. Kasoro hiyo imesajiliwa kwa namba CVE-2018-1083, nami naiona ya hatari hasa kwenye seva ya watu wengi kama yenu.

Mama_Seva: Toleo la 5.5 limeirekebisha. Hata hivyo, wasambazaji wa Linux kama Debian na Red Hat huingiza marekebisho ya usalama bila kubadilisha namba kuu ya toleo, kwa hiyo soma kwanza kumbukumbu za mabadiliko ya kifurushi chako.

MwalimuMoshi: Nashukuru sana. Je, wakati nasubiri kibali cha kusasisha?

FundiNgarenaro: Mpe root bash (programu nyingine ya amri) badala ya zsh, na folda za wanafunzi usizipitie ukiwa root.