Figo za kurithi na mimba, kuna aliyezaa salama?

Binti wa Rau
Habari zenu wadau. Nipo Moshi, miaka 29. Mama alisafishwa damu mwaka na nusu akafariki, mama mdogo naye figo hizohizo. Mwaka jana nikaenda na UTI isiyoisha wakanipiga ultrasaundi, kumbe figo zote mbili zimejaa vivimbe vya maji, wakasema ni polisistiki ya kurithi. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuonyesha figo zinafanyaje kazi, iko sawa ila presha nameza losatani. Sasa siku zangu zimepitiliza siku tisa na kipimo kimetoa mistari miwili. Kuna kituo nesi alishaniambia wenye figo hizi hawazai, nilitoka nalia mpaka stendi. Na mama mkwe kila nikipanda Kibosho macho yote tumboni kwangu. Kuna aliyepitia?

Mama Wawili Ngarenaro
Hongera mwaya, mie nina figo hizohizo na nimezaa wawili. Ila hiyo losatani kesho asubuhi nenda wakubadilishie, usisubiri kliniki, hizo pamoja na kina kaptopili na lisinopili zinamharibu mtoto figo tumboni. Usiache kienyeji ukakaa bila dawa lakini, presha ndo balaa lenyewe. Mie walinipa methildopa, inaleta usingizi huo hadi nilikuwa nasinzia na mwiko mkononi. Wiki ya 12 wakaongeza aspirini ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba. Presha naandika kwenye daftari asubuhi na jioni, mimba ya pili wiki ya 36 naamka viatu vya kanisani haviingii kichwa kinagonga, napima 158/102, bajaji moja kwa moja hospitali, mkojo una protini, wakanilaza na ya 37 wakanianzishia uchungu. Dogo sasa hivi anavunja vikombe tu hapa.

Kaka Mkubwa
Chemsha nywele za mahindi unywe kutwa mara tatu, vivimbe vinayeyuka vyote

Tabibu Mwanafunzi
Kaka hapana, haviyeyuki, na mjamzito usimnyweshe vitu visivyopimwa. Dada, huyo nesi alikukosea. Kinachoangaliwa ni kreatinini na presha ulizoanza nazo, vyote vikiwa vizuri wengi wanazaa vizuri tu. Aliyeanza na figo zilizochoka ndo mimba inaweza kuzisukuma chini zaidi. Wewe una presha kwahiyo hatari ya kifafa cha mimba ipo juu, omba rufaa KCMC si ipo hapohapo, daktari wa uzazi na wa figo wakuone wote. Na mkojo uoteshwe maabara kuona kama una bakteria hata kama huumwi, UTI kwenye hizi figo inapanda haraka. Kuhusu mtoto kurithi ni nusu kwa nusu kila mimba, wa kwanza akipata haimaanishi wa pili kapona.

Binti wa Rau
Nimerudi. Wameniondoa losatani, nimepewa methildopa na rufaa ya Jumatatu. Hiyo nusu kwa nusu ndo inanikata maini, kwetu tupo wanne na niliyepima ni mie tu, wadogo zangu hata hawataki kusikia. Mume yupo Mirerani hajui chochote anarudi Ijumaa. Daftari nimenunua, leo asubuhi 138/88.

Mama Wawili Ngarenaro
Andika na saa uliyopima, watakuuliza.