Mama anakunywa majani ya mstafeli, dripu hataki tena. Naombeni ushauri

BintiWaTanga: Habari za jioni wakuu. Mama ana saratani ya titi, kashatundikiwa dripu mbili za dawa ya saratani kati ya sita. Kila akitoka huko anatapika siku tatu, na nywele zimeisha. Juzi jirani kamletea majani ya mstafeli. Anayachemsha mpaka maji yanakuwa meusi, anajaza chupa ya chai, anakunywa kutwa. Jirani kamwonyesha kwenye simu kwamba yanaua seli za saratani kuliko dripu. Je, ni kweli?

MfamasiaMstaafu: Pole sana binti, mpe pole na mama. Kuua yanaua, kwenye kisahani cha maabara. Mstafeli una kemikali ziitwazo acetojenini. Zinaziba mitokondria, yaani jiko linaloipa seli nguvu, nayo inakufa. Ila kwenye kisahani hakuna tumbo wala ini, na hata chumvi ikizidi itaziua seli hizohizo. Na jiko hilo limo pia kwenye seli za ubongo. Mwaka 1999 watafiti kisiwani Guadeloupe waliripoti wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mfano wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo, ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Wengi walikuwa walaji wa stafeli na wanywaji wa chai ya majani yake. Tunda mojamoja sina neno nalo. Hiyo chupa ya kutwa ndiyo inayonitisha.

MamaJunior: Shangazi yangu aliacha dripu akashika majani. Uvimbe ulikuwa kama korosho. Aliporudi hospitali ulishakuwa kidonda. Naandika hapa machozi yananilenga. Mdogo wangu, usimgombeze mama. Anachokikimbia ni kule kutapika.

MfamasiaMstaafu: MamaJunior kanena. Dawa za kuzuia kutapika ziko za aina nyingi. Moja ikimkataa, wanambadilishia. Na kwa kuwa anaamini miti, mwambie hivi: paklitakseli, inayotumika sana kwa saratani ya titi, ilipatikana kwenye gome la mti wa Marekani. Vinkristini ya watoto wenye saratani ya damu imetoka kwenye lile ua la pinki tunalopanda uani. Hizo zinapimwa kwa miligramu kulingana na mwili wa mgonjwa. Majani ya jirani leo kumi, kesho ishirini.

BintiWaTanga: Asanteni sana. Nimekaa naye jikoni, kumbe dawa ya kutapika ilimwishia siku ya kwanza, akaona haya kuomba nyingine. Amekubali twende Alhamisi. Chupa naibeba, daktari aione.