Mrejesho: Bawaba za makabati ya jikoni zimetoka, chipbodi imebaki nzima

Wakuu, niliuliza jinsi ya kutoa bawaba 18 za kikombe cha milimita 35 (kikombe ni sehemu ya duara inayozama ndani ya mlango) bila kuchana chipbodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Asanteni sana, milango yote 9 iko chini salama.

Kilichosaidia zaidi ni mpangilio. Anza na bawaba ya chini, ya juu iwe ya mwisho, na mtu ashikilie mlango muda wote. Ukianza juu, uzito wote unaning'inia kwenye bawaba moja ya chini, na skrubu zinang'oka na unga wa chipbodi. Bawaba yenye klipu nyuma ya mkono haihitaji bisibisi kabisa: bonyeza klipu, mkono unaachia bamba, kile kipande kilichofungwa kwa skrubu ubavuni mwa kabati.

Skrubu zilizopakwa rangi, kwangua kwanza msalaba wa kichwa kwa ncha ya kisu, kisha pitisha wembe kuzunguka bamba. Tumia bisibisi ya PZ2 (ncha ya msalaba aina ya Pozidriv). PH2 (aina ya Phillips) inafanana nayo lakini inateleza na kula kichwa. Zungusha kwa mkono, si kwa drili.

Kikombe kilichokwama msikichokonoe ukingoni, melamini, lile tabaka gumu la juu ya chipbodi, inamenyeka vipande vipande. Kishike kwa mkono wa bawaba, ukiyumbishe taratibu.

Matundu 4 ya skrubu yalikuwa yamelegea tayari. Tumejaza vijiti vya mshikaki na gundi ya mbao, tukakata usawa wa ubao. Kesho yake tukatoboa kwa keke ya milimita 2.5, kina milimita 12 tu kwa kuwa unene wa ubao ni 16. Skrubu za milimita 3.5 x 16 (unene kwa urefu) zimekaza vizuri.