Naomba ushauri: nipimeje taswira ya mwanamke na mwanamume kwenye majarida na katuni?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu namna majarida na vitabu vya katuni vilivyomchora mwanamke na mwanamume kadiri miaka ilivyokwenda, na nimekwama kwenye kipimo.

Mfano wangu mkuu ni Wonder Woman, shujaa wa kike wa vitabu vya katuni vya Marekani. Alitokea 1941 akiwa na nguvu za ajabu, lakini 1942 alipoingia kundi la mashujaa wenzake akapewa kazi ya ukatibu! Mwaka 1968 akanyang'anywa nguvu zake, akafungua duka la nguo. Kisha 1972 jarida la Ms. la Marekani, lililoanzishwa na mwanaharakati wa haki za wanawake Gloria Steinem na wenzake, likamweka kwenye jalada, na 1973 akarudishiwa nguvu. Hapo ndipo penye utamu na ugumu: jamii ilibadilika kwanza, au kurasa ndizo zilizoisukuma?

Nilianza kwa kuhesabu nani anaokoa na nani anaokolewa, ila idadi pekee inaficha mengi. Baba anayelea mtoto, kwa mfano, nimweke kundi gani? Mliowahi kufanya uchambuzi wa aina hii, mlianzia kwenye picha, maneno au matangazo? Naombeni mwongozo, nimebakiwa na miezi miwili tu.